Mtoto wa kati na shuka zilizofichwa: uchambuzi wa kisa cha kukojoa kitandani

Kisa hiki nimekiandika kwa idhini ya wazazi na ya mtoto mwenyewe, ambaye alitaka kwanza kusomewa kila aya inayomhusu. Majina na kila kinachoweza kuwatambulisha nimeviondoa. Watoto nitawaita kwa nafasi zao: kifungua mimba, mtoto wa kati na kitinda mimba.

Usuli

Kifungua mimba ni mvulana wa miaka 14, mtoto wa kati ni mvulana wa miaka 9, na kitinda mimba ni msichana aliyekuwa ametimiza miaka 3 tulipoonana mara ya kwanza. Baba hufanya kazi mbali na hurudi nyumbani mwisho wa juma, kwa hiyo malezi ya kila siku yako mikononi mwa mama. Wavulana wote wawili walilala chumba kimoja.

Mama hakuja kwangu kwa ajili ya kukojoa. Alikuja kwa sababu mtoto wake wa kati "amekuwa mwongo na mkorofi". Alimpiga mdogo wake mara kwa mara. Alichukua nguo za kaka yake bila ruhusa. Alisinzia darasani mpaka mwalimu akaandika barua. Na alikuwa amekataa katakata kwenda safari ya shule ya kulala nje usiku tatu, safari ambayo wenzake walikuwa wakiihesabia siku. Mimi ni mnasihi wa familia, na malalamiko ya namna hii nimeyazoea. Tulizungumza karibu saa nzima ndipo mama akasema kwa sauti ya chini, "Halafu bado anakojoa." Nilimuuliza tangu lini. Akajibu kwamba hajawahi kuacha.

Kitinda mimba alikuwa ameacha nepi za usiku miezi michache nyuma, na nyumba nzima ilimshangilia. Kila asubuhi alipoamka mkavu alipigiwa makofi. Nilipomwomba mama akumbuke ukorofi ulianza lini hasa, alihesabu vidole, akanyamaza, kisha akasema, "Wakati ule ule."

Walivyojaribu wenyewe

Wazazi hawa hawakukaa bure. Kabla ya kufika kwangu walikuwa wamejaribu mambo manne, na kila moja lilikuwa na mantiki yake.

Walimkataza kunywa chochote kuanzia saa kumi jioni. Walimpa kifungua mimba kazi ya kumwamsha mdogo wake saa sita usiku na tena saa tisa, kwa kuwa ndiye aliyelala naye na mama alikuwa amechoka. Walibandika ukutani karatasi ya nyota: usiku mkavu, nyota moja, nyota kumi, zawadi. Katika majuma sita mtoto alipata nyota mbili, kisha akaichana karatasi. Mwisho wakaamua afue shuka zake mwenyewe kila asubuhi kabla ya shule, mbele ya wote, "ili aone aibu ajirekebishe". Maneno hayo ni ya mama, na aliyarudia huku machozi yakimlengalenga.

Usiku uliowaleta

Kilichovunja subira ya mama ni harufu. Chini ya kitanda alikuta shuka tatu, suruali mbili za kulalia na fulana ya kifungua mimba, vyote vimekojolewa na kusokotwa. Mtoto alikuwa ameapa siku nne mfululizo kwamba ameamka mkavu. Mama alimpigia baba simu, na baba akafoka kwenye simu hiyo hiyo, spika ikiwa wazi, kifungua mimba na kitinda mimba wakisikia. Kitinda mimba, ambaye huokota kila neno, alianza kumwita kaka yake "kikojozi". Mtoto wa kati akampiga kofi.

Usiku ule mama aliamka kunywa maji akamkuta mtoto wa kati ameketi sakafuni bafuni, mgongo ukutani, amelala. Ikabainika kwamba kwa majuma kadhaa alikuwa akijaribu kukesha mpaka alfajiri ili asikojoe. Barua ya mwalimu kuhusu kusinzia ikaeleweka. Nguo za kaka zikaeleweka pia: za kwake zilikuwa zimekwisha, na za kaka zilikuwa kavu.

Naiweka picha hii ya bafuni hapa kwa makusudi. Mtoto aliyeambiwa hajitahidi alikuwa akijitahidi kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutozungumza lolote kuhusu uongo wala kumpiga mdogo wake mpaka daktari wa watoto amwone. Mtoto wa miaka 9 ambaye hajawahi kupitisha miezi sita mikavu kwa kawaida hana ugonjwa mkubwa, lakini huwezi kulijua hilo kwa kumtazama. Daktari alipima mkojo: hakuna sukari, hakuna maambukizi. Aliuliza kama anakoroma, kama anahisi maumivu anapokojoa, kama mchana hukimbilia chooni dakika ya mwisho. Swali hilo la mwisho lilijibiwa ndiyo. Kisha akamuuliza mtoto swali ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuliuliza: unapata choo kila baada ya siku ngapi?

Mtoto alisema nne, wakati mwingine tano, na kwamba kinauma.

Mama alishtuka. Mtoto wa miaka 9 huenda chooni peke yake na kufunga mlango, nani anahesabu? Daktari alimpapasa tumbo akakuta utumbo umejaa. Alieleza kwa lugha nyepesi: utumbo wa mwisho na kibofu ni majirani wa ukuta mmoja. Utumbo ukijaa choo kigumu, hukibana kibofu kisipate nafasi ya kutanuka, na huvuruga taarifa kati ya kibofu na ubongo. Alimpa dawa ya kulainisha choo, akaonya kwamba itatumika kwa miezi na haitakuwa ya siku chache. Aliagiza mtoto akae chooni dakika chache baada ya kula, miguu ikiwa juu ya kibao ili magoti yainuke. Marufuku ya maji aliifuta. Mtoto anywe vya kutosha asubuhi na mchana, apunguze tu saa mbili kabla ya kulala, na aende haja ndogo kila baada ya saa mbili au tatu bila kungoja kubanwa.

Daktari aliwapa pia kazi ya mwisho wa juma: wapime mkojo wa mchana kwenye jagi lenye alama. Kibofu cha mtoto hukadiriwa kwa kujumlisha umri wake na moja, kisha kuzidisha kwa 30, jibu likiwa mililita. Kwa miaka 9 hiyo ni mililita 300. Kipimo kikubwa walichopata siku zile mbili kilikuwa 160. Baba ndiye aliyepima, na naamini jagi lile lilimbadilisha kuliko maneno yangu yote. Aliiona namba.

Uamuzi wa pili ulihusu shuka. Sikutaka mtoto aondolewe kabisa kazi ile, maana mtoto mkubwa akifanyiwa kila kitu hujiona mgonjwa. Tulikubaliana aondoe shuka mwenyewe, azitie kwenye ndoo ya nguo chafu, ajifute, avae nguo kavu, basi. Kufua ni kwa mashine au kwa mtu mzima, pamoja na nguo nyingine, bila hotuba. Godoro likavishwa mfuko wa plastiki, na juu yake shuka mbili zilizotenganishwa na plastiki nyingine, ili usiku atoe ya juu tu arudi kulala.

Wa tatu ulikuwa kumwondolea kifungua mimba zamu ya usiku. Nakiri kwamba mwanzoni nilimwona kijana huyu kama mkosaji. Alikuwa amewaambia rafiki zake siri ya mdogo wake, na siri ikafika shuleni. Lakini nilipokaa naye peke yake alinieleza kwamba kwa mwaka mzima ameamka mara mbili kila usiku, hajawahi kuambiwa ahsante, na asubuhi shuka ikiwa imelowa yeye ndiye aliyeulizwa kwanza, "Hukumwamsha?" Kijana wa miaka 14 anahitaji saa nane mpaka kumi za usingizi. Huyu alikuwa akipata sita zilizokatwakatwa. Kuisambaza siri kulikuwa kosa, na nilimwambia hivyo. Lakini kosa hilo lilitokana na mzigo ambao haukuwa wake.

Wa nne: kumpiga kitinda mimba kulibaki marufuku. Mama alidhani kwa kuwa sasa tunamwonea huruma mtoto wa kati, basi tutamwachia. Hapana. Aliambiwa wazi kwamba hasira yake ina sababu na mkono wake hauna ruhusa. Kitinda mimba hakuadhibiwa kwa neno "kikojozi". Mtoto wa miaka 3 hujaribu maneno kama anavyojaribu vijiko, aone yatatoa mlio gani. Wakubwa waliacha kulitamka, na makofi ya asubuhi yakasitishwa. Baada ya majuma kadhaa alilisahau.

Wa tano ndio niliouharibu. Katika kikao cha kwanza cha familia, watoto wakiwepo, niliuliza kama kuna yeyote katika ukoo aliyewahi kukojoa kitandani akiwa mkubwa. Mama akasema kwao hakuna. Baba akasema, "Hapana," haraka mno. Majuma matatu baadaye alinipigia simu akiwa kazini. Alikojoa mpaka miaka 12. Alichapwa kwa ajili hiyo. Mke wake hakujua.

Matokeo

Safari ya shule ilikuwa majuma mawili baada ya kumwona daktari, na mtoto hakwenda. Daktari alikuwa amependekeza kidonge cha desmopresini, ambacho hupunguza mkojo unaotengenezwa usiku na hutumika kwa nyakati kama hizo, kwa masharti makali ya kutokunywa maji mengi jioni. Mama aliogopa dawa, nami sikukaa naye kumsaidia aulize maswali yake. Wenzake walirudi na hadithi zao. Hilo halikurekebishika.

Baada ya majuma sita ya dawa ya choo, usiku wa kulowa ulipungua kutoka saba kwa juma hadi minne au mitano. Kukimbilia chooni mchana kuliisha kabisa.

Baba aliongea na mwanawe Jumamosi moja wakitandika kitanda pamoja. Sikuwepo, nilisimuliwa na mtoto. Baba alisema, "Hata mimi, mwanangu. Mpaka miaka kumi na miwili." Mtoto akamuuliza, "Ulikuwa unaficha wapi?" Baba akamwambia. Wakacheka, halafu baba akalia kidogo. Mtoto alinisimulia hayo akiwa na uso wa mtu aliyepewa kitu cha thamani akishike.

Mwezi wa tatu tulianza kengele ya kitandani, kidude kinachobanwa kwenye nguo ya ndani na kulia kinapoguswa na unyevu. Majuma mawili ya kwanza iliamsha kila mtu isipokuwa mwenyewe, jambo la kawaida kabisa. Mama alihamia chumbani kwao, kifungua mimba akalala sebuleni kwa hiari. Kazi ya mama ilikuwa kumwamsha kengele inapolia, ahakikishe ameizima kwa mkono wake na kutembea hadi chooni. Juma la tano, doa kwenye shuka likaanza kuwa dogo. Juma la saba akaamka mwenyewe mara mbili. Juma la 11 akatimiza usiku 14 mikavu mfululizo, kipimo kinachotumika kusema kengele imefaulu.

Kisha wakaacha dawa ya choo mapema, bila kumuuliza daktari, kwa furaha. Choo kikawa kigumu tena na kukojoa kukarudi kwa majuma mawili. Mama aliniambia mkono ulimwasha kumchapa, akaenda kusimama nje. Dawa ikarudishwa, kengele ikarudishwa, na safari hii ilichukua siku chache tu. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amelowa mara moja, usiku aliokuwa na homa.

Uongo kuhusu shuka uliisha. Uongo kuhusu kazi za shule haukuisha. Ulikuwa na mizizi mingine, na ninaonya dhidi ya tamaa ya kuhusisha kila kitu na tatizo moja. Kumpiga dada yake kulipungua sana. Kati yake na kifungua mimba bado kuna ubaridi.

Uchambuzi

Kosa la awali lilikuwa kuuchukulia mkojo wa usiku kama suala la nia. Mtoto aliyelala hana nia. Kinachotokea ni mchanganyiko wa mambo matatu: mkojo mwingi wa usiku, mara nyingi kwa sababu homoni inayopaswa kuupunguza bado haijashika zamu yake vizuri, kibofu kinachobeba kidogo, na ubongo ambao hauamki kibofu kinapoita. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloguswa na aibu. Mzazi pia anapaswa kujua idadi: katika umri wa miaka 5, takriban watoto 15 kati ya 100 bado hukojoa kitandani. Katika miaka 10 ni kama 5 kati ya 100. Kila mwaka takriban asilimia 15 ya wanaokojoa huacha bila tiba yoyote. Katika darasa lake, mtoto huyu karibu hakika hakuwa peke yake, ila kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Ukitazama zile mbinu nne kwa jicho hilo, unaona kwa nini zilianguka. Kunyimwa maji kulimfanya awe na kibofu kilichozoea kidogo na choo kigumu zaidi. Tiba ya nyumbani ilikuwa ikilisha chanzo. Kuamshwa kwa saa kuliokoa shuka baadhi ya usiku, lakini hakukumfundisha chochote, kwa sababu aliamshwa na kaka, wala si na kibofu chake. Hapo ndipo kengele ilipotofautiana: inalia pale pale mkojo unapoanza, usiku baada ya usiku, mpaka ubongo ukaunganisha. Nyota nazo zilimlipa kwa jambo asilolimudu. Baadaye tulizirudisha kwa yale aliyoyamudu, yaani kunywa maji mchana, kukaa chooni baada ya kula, kuondoa shuka, na alizipata karibu zote. Karatasi ile hakuichana.

Kilichofanya kazi zaidi ya yote, kwa maoni yangu, ni swali la choo. Ni swali la sekunde tano. Ningependa kila mzazi wa mtoto anayekojoa aliulize leo, hata kama mtoto ni mkubwa na anaona haya, na asiridhike na jibu la "kawaida". Muulize siku ngapi, muulize kama kinauma.

Kisa hiki ni cha mtoto ambaye hajawahi kuwa mkavu. Aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza upya ni habari nyingine. Akiwa pia ana kiu isiyokwisha, anakojoa sana mchana na anapungua uzito, apimwe sukari siku hiyo hiyo, maana kisukari cha watoto hakingoji miadi. Maumivu, homa au damu kwenye mkojo ni vya daktari. Miguu kulegea au mwendo kubadilika, vivyo hivyo. Na mtoto anayeanza kukojoa huku akimwogopa mtu fulani, au akikataa kwenda mahali fulani, asikilizwe faragha na kwa upole, kwa kuwa huenda anaumizwa.

Kuhusu baba, naendelea kujilaumu. Kukojoa kitandani hurithiwa kwa kiasi kikubwa: mzazi mmoja akiwa alikojoa utotoni, mtoto ana uwezekano wa takriban asilimia 44; wakiwa wote wawili, takriban 77. Nilijua hilo, nikauliza swali sahihi mbele ya watu wasiofaa kulisikia. Mwanamume aliyechapwa utotoni kwa jambo hilo hawezi kulitoa hadharani kwa sababu mgeni amemuuliza. Ningemwita kando, tungeokoa majuma matatu, na huenda safari ya shule pia, maana aliponipigia simu aliniambia angekuwa tayari kukijaribu kile kidonge. Sasa swali hilo huliuliza kila mzazi peke yake, nikianza kwa kumweleza kwamba ni jambo la ukoo kama urefu.

Kwa kifungua mimba hatukufanya vya kutosha. Tulimwondolea mzigo, tukamwambia kosa lake, kisha macho yote yakarudi kwa mdogo wake. Hakuna aliyemlipa ule mwaka wa usingizi kwa muda wa kuwa na mzazi peke yake. Mama ameanza kumchukua wawili tu Jumapili jioni, kwa kuchelewa, na kijana bado huenda kwa kusitasita.

Na mama mwenyewe, mpaka leo, kila asubuhi huingiza mkono chini ya blanketi ya mtoto wa kati kupapasa kama shuka ni kavu. Mtoto, ambaye sasa ana miaka 10, amemwomba aache. Mama amekubali kujaribu kuanzia juma lijalo.